Mwalimu wa kudarizi kofia alilipwa nini?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama kudarizi kofia kufundishwe shuleni. Swali hilo limenigusa, kwa sababu hapa Unguja somo hilo lilikuwa na walimu wake siku zote, na hakuna aliyeuliza wanaishi vipi. Mwalimu wangu alifundisha ukumbini kwake, mtaani Ng'ambo hapa mjini, tangu mimi sijazaliwa hadi macho yalipomwishia nguvu, na malipo yake yalikuwa kilo ya sukari, na doti ya kanga Sikukuu inapofika.

Nilikuwa na miaka 13 nilipompelekea duara la juu la kofia yangu ya kwanza, kazi ya wiki saba. Aliosha mikono, akaifuta hadi ikakauka kabisa, kisha akaligeuza lile duara upande wa ndani na kuliinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mishono, polepole, mpaka akafika kwenye safu ya viua vya ukingoni, ambavyo nilivikaza uzi kupita kiasi hata bafta ikajikunja. Akanipa wembe, akasema, "Fumua." Nililia. Hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alikaa kando yangu mkekani akafumua viua vitatu vya mwanzo yeye mwenyewe, ili nione namna ya kukata uzi bila kugusa kitambaa. Baadaye tuliiloweka bafta, tukaianika, na matundu ya sindano yakajifumba karibu yote. Jioni ile hakupika mapema, na mumewe alisubiri.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema hapana, kwa kuwa shule ingetaka mtihani, alama na mwalimu mwenye cheti, ambacho yeye hakuwa nacho. Lakini kila ninapoikumbuka jioni ile naona kuwa nilikuwa nikitetea umaskini wake. Wanafunzi wake wengi waliacha sindano walipoolewa, na sokoni Darajani kofia ya mashine huuzwa kwa bei ambayo mdarizi wa mkono, anayekaa na kofia moja kwa miezi, hawezi kuikubali. Jamaa wa Maskati, ambao kofia zao ni ndugu wa zetu, walimsifu sana mwalimu wangu, kisha wakaomba wapunguziwe bei.

Basi nasema ndiyo, somo liingie, ila kwa sharti kwamba wadarizi wenyewe waajiriwe na kulipwa mshahara, hata kama hawana cheti, na asiwepo mkaguzi wa kudai kofia nzima kwa muhula mmoja. Mwanafunzi akimaliza mwaka na duara peke yake, bila ukanda wa ubavuni, apewe alama zake, mradi upande wa ndani nao uwe umekaguliwa.

Msomaji, Unguja