Ukimchukua Mbwa Mzee, Mchukue Moja kwa Moja

Juzi msomaji wa Manyoni kaniandikia: "Dada, bibi yetu kafariki, kaacha mbwa mzee. Ndugu wote hawamtaki. Nimchukue?" Nikamjibu palepale: mchukue. Lakini kwa kuwa wengi mnaniuliza habari za Jeki, mbwa wangu mzee, leo nieleze vizuri.

Jeki alikuja kwangu Ipagala, hapa Dodoma, akiwa tayari kazeeka. Wenyewe walihama, wakafunga geti, yeye wakamwacha nje. Mama mmoja anayeokoa mbwa wa namna hiyo alimkuta kalala mtaroni, kupe wamemjaa masikioni. Akamtibu, akamtafutia nyumba, akakosa. Watu wa mji huu wanataka mbwa wa ulinzi, abweke, akimbize mwizi. Jeki habweki. Meno ya mbele yameisha, macho yana ukungu wa bluu, na asubuhi akitaka kuinuka anaanza na miguu ya mbele, anapumzika kidogo, ndipo anaivuta ya nyuma.

Tulikubaliana hivi: matibabu na chanjo ni juu ya yule mama, chakula, malazi na mapenzi ni juu yangu, mpaka Jeki atakapokufa. Harudishwi, hapelekwi kwingine. Kwa mbwa mzee sioni mpango bora kuliko huu wa kulea kwa kudumu, maana gharama ya dawa ndiyo inayowaogopesha wengi, na mbwa aliyekwisha kutupwa hafai kuzungushwa tena nyumba hadi nyumba.

Maneno nimeyasikia. Kwenye kikao cha familia shemeji yangu alisema mbele ya watu wote, "Hela ya kulisha mbwa anayekufa unayo, ya mchango wa harusi unatuzungusha." Watu wakacheka. Mchango nilitoa, tena wote, na daftari la kamati lipo. Sikumjibu siku ile, ila bado linaniuma. Mnyama kalinda nyumba za watu ujana wake wote, leo hana nguvu, mkimpa sahani ya ugali mnaona ni anasa?

Chakula chenyewe si cha ajabu. Nasonga ugali laini, nauloweka kwenye supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Jeki hula taratibu, akiisukuma sahani kwa ulimi mpaka igote ukutani, kisha anailamba pembeni mote. Usimharakishe.

Jambo ambalo sisi wa Dodoma lazima tulijue ni zabibu. Zabibu, mbivu au zilizokaushwa, zinaweza kuharibu figo za mbwa hadi akafa. Mzabibu wa jirani umetambaa mpaka ukutani kwangu, kwa hiyo msimu ukifika nafagia uani kabla Jeki hajatoka. Watoto nao nimewakataza kumrushia.

Juni na Julai upepo wa huku unajulikana, na saruji ikipoa inamtesa mwenye viungo vinavyouma. Mpe kipande cha godoro kuukuu mahali pasipopitiwa na upepo. Akichechemea, usimpe parasetamoli wala diklofenaki uliyobakiza kabatini, zinaweza kumuua. Mwite daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kama mtu anakwambia huyo si wa kesho. Na vigoda visihamehame. Jeki anajua njia kwa kuugusa ukuta na bega.

Mengine ni subira, na subira tena. Mbwa mzee atajikojolea. Fua, endelea. Mkubali kama alivyo, usimdai kubweka.

Ninyi mnaomwambia Mungu asante kwa afya kila Jumapili, kisha mnamwacha mbwa getini kwa sababu amezeeka, mnanihuzunisha. Mji huu ni wa watumishi, uhamisho hauishi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Barua ikija, mtafute wa kumchukua mbwa kabla hujatafuta lori. Mpelekee mwenyewe, kwa mkono wako, pamoja na kadi ya chanjo, na umwambie anaitikia jina gani, anakula nini na kiungo kipi kinamuuma.