Usiiamini long, hata kama majaribio yote yamepita

"Kaka, kwenye Linux mauzo ya mwezi yanatoka sawa, kwenye Windows yanatoka hasi. Nimerogwa?" Ujumbe huu nimeletewa na kijana anayeandika programu ya maduka kwa C++.

Hujarogwa, mdogo wangu. Umetumia long, aina ya C++ ya kutunzia namba nzima. Kwenye Linux ya biti 64, long ina biti 64. Kwenye Windows, hata hiyo ya biti 64, imebaki na biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647; ikizidi hapo, kwa kawaida hugeuka hasi. Ukitunza fedha kwa senti, hizo ni shilingi milioni 21 na ushee tu. Duka la jumla la Kariakoo litakucheka. Andika int64_t, ambayo ni biti 64 kila mahali, iliyomo kwenye faili la stdint.h tangu C99 (toleo la lugha ya C la mwaka 1999), na wakati wa kuchapisha tumia alama yake, PRId64, si %ld ambayo ni ya long.

Hili nilishalitetea kikaoni, kazini kwangu kwa zamani. Mkubwa akasema wateja wetu wote ni wa Windows, niache usomi. Majaribio ya kiotomatiki niliyoyaandika yakazimwa, eti yanachelewesha. Mimi nikaondoka. Kisha akaja mteja mwenye vifaa vyenye chipu za ARM vinavyotumia Linux, ambako char, aina ya kutunzia herufi moja, kwa kawaida haibebi namba hasi. Ile -1 waliyoiweka kwenye char kama alama ya "hakuna bidhaa" ikasomeka 255. Waliobaki ndio walionisimulia. Mkubwa hajanipigia hadi leo.

Na wala si maduka tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika haijamaliza dakika moja angani, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye biti 16. Programu hiyo ilirithiwa kutoka roketi ya awali, Ariane 4, na hakuna aliyeijaribu kwa mwendo wa roketi mpya.

Kwa hiyo vijana, jaribuni kwenye kila mfumo mtakaouza, kila programu inapobadilika. Jaribuni kikomo chenyewe, kisha ongezeni moja. Jaribio linalopita asubuhi na kufeli jioni msilirudierudie mpaka likubali. Mara nyingi linategemea saa ya mashine au mpangilio wa majaribio mengine. Litafuteni mpaka mlijue.

Na bosi akisema majaribio yanachelewesha, mwombe akuandikie hivyo kwa barua pepe. Mimi sikuomba.