Amblipigi wa mapangoni: usikimbilie kumpa jina

Wadogo zangu mnaoanza zuolojia hapa Dodoma, picha zenu za simu huwa zinafanana. Mnyama bapa, mweusi, amejibana kwenye ufa wa jabali, miguu imetanda pande zote, na chini yake swali: "Huyu ni spishi gani?" Wengine hamuulizi, mnatangaza kabisa: spishi mpya, ya pangoni, haijawahi kuonekana. Nawaelewa. Ila kwa picha hiyo siwezi kuwajibu, na hakuna mtu mwingine anayeweza.

Kwanza hakikisha ni amblipigi, jamaa wa buibui na nge. Kwenye kuta za nyumba zetu wako buibui bapa wanaokimbia kiubavu, na wanawachanganya wengi. Amblipigi hana mkia, hana sumu, hafumi utando. Anatembea kwa miguu sita tu, kwa sababu ile jozi ya mbele imekuwa mijeledi miwili myembamba ya kupapasia na kunusia. Mbele ya mdomo ana pedipalpi, mikono miwili yenye miiba ambayo hukunjuka ghafla na kunasa mdudu. Mjeledi na miiba vikionekana kwa mnyama mmoja asiye na mkia, oda, yaani kundi kubwa la amblipigi wote, umeshaipata. Hapo hapahitaji utaalamu mkubwa.

Kazi inaanzia kwenye neno "pangoni". Milima ya mawe inayozunguka Dodoma ni ya graniti. Nyingi ya sehemu tunazoziita mapango huku ni nyufa, vibanda vya mwamba na matundu chini ya majabali yaliyolaliana. Giza lake ni la hatua chache, na kiangazi kikikaza unyevu hubaki humo ndani, basi amblipigi naye hukaa humo. Kumkuta pangoni hakumfanyi awe mnyama wa pangoni. Aliyezaliwa na ukoo uliokaa gizani vizazi kwa vizazi hubadilika mwili: macho hupungua au hupotea, rangi hufifia, miguu hurefuka. Mfano ni Charinus israelensis aliyeelezwa mwaka 2016 kutoka mapango ya Israeli, ambaye macho yake yamedhoofika. Kwa hiyo anza na macho. Amblipigi wa kawaida ana manane: mawili katikati ya ukingo wa mbele wa karapasi (gamba la mgongo wa mbele), na matatu kila upande. Ukiyaona yote manane, meusi, yanang'aa, tulia. Huenda una mpangaji wa pangoni anayeishi vizuri tu hata chini ya magome na mawe ya nje.

Afrika Mashariki jenasi ya kwanza kuifikiria ni Damon, hasa Damon diadema. Wapo pia Phrynichus na Euphrynichus, ambao pedipalpi zao ni ndefu na nyembamba zaidi, miiba mikubwa imekusanyika karibu na ncha. Wote hao ni wa familia ya Phrynichidae. Chunguza na ncha za miguu ya kutembelea: jamaa wa Phrynichidae hawana kile kitakia laini cha kunatia katikati ya kucha. Ukikiona, tena kwa mnyama mdogo, hama upande wa familia nyingine, Charinidae. Mtu akiruka hatua hii akaenda moja kwa moja kwenye rangi na madoa, atapotea. Rangi ya amblipigi aliyetoka kujivua gamba si rangi yake ya wiki ijayo.

Umri ndio unaowaangusha wengi. Amblipigi huendelea kujivua gamba hata baada ya kupevuka, na uwiano wa pedipalpi na mwili hubadilika anavyokua. Madume wakubwa wa spishi nyingi wana pedipalpi ndefu kuliko majike. Basi ukipanga mezani mtoto, jike na dume kubwa kutoka ufa mmoja, unaweza kuapa kwamba una spishi tatu. Mgeuze mnyama, tazama kifuniko cha uzazi chini ya tumbo. Maumbo yaliyo chini ya kifuniko hicho, hasa ya jike, husema mengi kuliko urefu wa mguu wowote. Mtoto asiyepevuka andika "Damon sp.", yaani Damon ambaye spishi yake haijajulikana, na uishie hapo, si aibu.

Kuhesabu miiba ya pedipalpi ni lazima, ila hesabu pande zote mbili, maana miiba huvunjika. Na mijeledi vilevile. Mjeledi uliokatika ukaota upya huja na pingili pungufu, kwa hiyo idadi ya upande mmoja isiwe hoja ya spishi. Halafu kuna jambo napenda kuwaonyesha vijana: magamba yaliyovuliwa. Amblipigi hujivua akining'inia kichwa chini, na gamba hubaki ukutani au huanguka hapo chini, miiba yote ipo. Unapata data bila kuua mtu.

Msidhani hata hivyo kwamba miiba inamaliza ubishi. Mwaka 2005 Prendini, Weygoldt na Wheeler walilipanga upya kundi la Damon variegatus kwa kuunganisha umbo, DNA na tabia, na humo wakaeleza Damon sylviae wa Namibia. Tabia, ndiyo. Kwa hiyo ukikaa usiku ukawatazama wanavyotongozana, andika. Ukikuta jike amebeba watoto mgongoni, piga picha umwache. Mtoto akidondoka kabla ya kujivua mara ya kwanza mgongoni hapo, hana maisha.

Jambo dogo la maandishi: Damon diadema (Simon, 1876) ina mabano kwa sababu Simon aliiweka kwenye jenasi nyingine. Ukiyaondoa umebadilisha historia ya jina. Wasahihishaji wa tasnifu hukamata hilo haraka.

Sasa porini. Vibali anzeni navyo mapema, kwa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), vinachukua muda. Kondoa ni habari nyingine kabisa: michoro ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mungomi wa Kolo, kibanda kimojawapo cha mwamba chenye michoro, bado ni mahali pa matambiko. Ongeeni na wazee na ofisi ya Mambo ya Kale kabla hamjapanda. Ukutani msiguse, msimwagie maji mchoro ili picha itoke vizuri, msichimbue sakafu kutafuta wadudu. Udongo ule ni kazi ya wanaakiolojia. Penye popo wengi vaeni barakoa, vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Na msilale kwenye vibanda vya udongo vyenye papasi. Homa yao inayorudi-rudi inajulikana sana Ugogo.

Kukamata, tumia kopo la mdomo mpana na brashi laini, kamwe usimvute mguu, ataukata mwenyewe akuachie. Kopo moja mnyama mmoja, la sivyo watalana. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya kopo, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. "Pango, Kondoa" si mahali. Andika viwianishi vya GPS, mwinuko, na kama alikuwa mlangoni, kwenye utusitusi au kwenye giza totoro.

Wa kutazamwa umbo atoswe kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, wa DNA asilimia 95 au zaidi. Mguu wa kukatia DNA uwe wa tatu (mijeledi ikihesabiwa kuwa wa kwanza), upande mmoja tu. Wa nne uacheni mzima pande zote, kwa sababu pingili za tibia yake ndizo funguo nyingi za utambuzi zitakazokuuliza.