Dola 50 katika soko la mbio za farasi: hesabu ya faida, hesabu ya hasara

SWALI: Mheshimiwa, jambo sana. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kutengeneza simu. Nimeweka pembeni dola 50, makuta ambayo hata yakipotea watoto watakula. Nimechoka kubeti mpira. Rafiki yangu amenionyesha video ya mtu anayeshika farasi kwa bei ya 5.0, kisha anamwachia kwa 4.8 kabla mbio hazijaanza, na anapata faida ileile farasi yeyote akishinda. Anasema ukipata asilimia 2 kwa siku, mtaji mdogo unakua wenyewe. Ninaomba unieleze hesabu hiyo inavyokwenda, dau langu liwe kiasi gani, na kama ninaweza kutumia akaunti ya shemeji yangu aliyeko Uingereza, maana mimi sijui kama nitakubaliwa.

JIBU: Ndugu msomaji, jambo. Hesabu ya 5.0 na 4.8 ni sahihi. Kasi ya asilimia 2 kila siku ndiyo isiyowezekana. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ukiielewa vizuri utaona mwenyewe kwa nini hiyo kasi haipo.

Soko unalolizungumzia si duka la kubeti la kawaida. Soko kubwa kuliko yote ya aina hiyo, Betfair, lilifunguliwa Uingereza mwaka 2000 na Andrew Black na Edward Wray, na wazo lao lilikuwa kwamba kampuni isipange bei wala isishindane na mteja. Anayeamini kwamba farasi atashinda anamuunga mkono. Anayeamini kwamba hatashinda anampinga, yaani anachukua dau la yule wa kwanza na kumlipa ikiwa farasi atashinda. Bei inatokana na mvutano wa hao wawili, na kampuni inakata kamisheni kwenye faida ya aliyeshinda. Hilo halifanani na tiercé ya Kifaransa, mchezo wa kubashiri farasi watatu wa kwanza ulioanzishwa mwaka 1954, ambamo madau yote yanakusanywa katika kapu moja, mwandaaji anakata sehemu yake, na kinachobaki kinagawiwa kwa waliopatia. Katika kapu la namna hiyo hujui bei yako ya mwisho mpaka mlango ufungwe, na huwezi kumwachia mtu mwingine ulichokwisha kukishika. Katika soko la kubadilishana dau unaweza, kama vile kambisti wa kando ya barabara anavyonunua dola asubuhi na kuiuza mchana bila kujali itakwenda kununua nini.

Sasa tuichukue mbio moja. Unamuunga mkono farasi kwa dola 10 kwa bei ya 5.0, yaani akishinda unapokea mara 5 ya dau lako, dau lenyewe likiwemo. Akishinda, faida yako ni dola 40. Akishindwa, umepoteza 10. Bei inashuka hadi 4.8, maana yake ni kwamba watu wengi zaidi wamemwamini. Ili ufunge biashara, unampinga kwa dau linalopatikana kwa kuzidisha 10 kwa 5.0 na kugawanya kwa 4.8, yaani dola 10.42. Akishinda, unapata 40 na kulipa 39.58, akishindwa, unapoteza 10 na kupokea 10.42. Pande zote mbili zinakuachia senti 42 hivi, na kamisheni ya asilimia 5 ikikatwa unabaki na senti 40. Mpinge kwa dau hilo lote kwa mara moja. Wanaoanza hupenda kumpinga kwa 10 kwanza kisha kutafuta namna ya kugawa faida, wakakuta kwamba ile 0.42 iliyobaki iko chini ya dau la chini linalokubaliwa, ambalo katika Betfair kwa akaunti za pauni ni pauni 1. Wanabaki na faida inayopatikana tu ikiwa farasi huyo atashinda, na hapo hawafanyi tena biashara ya bei, wanabeti.

Bei ikienda kinyume, kutoka 5.0 hadi 5.2, utafunga kwa dola 9.62 na kupoteza senti 38 au 39, farasi yeyote akishinda. Faida na hasara zinakaribiana sana. Kwa hiyo faida yako itategemea mara ngapi uko sahihi na, zaidi ya hapo, unaiacha hasara ifike wapi kabla ya kufunga. Tuseme unalenga hatua 1 ya bei, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho bei inaweza kusogea, kwa faida na unafunga hasara ikifika hatua 1: kamisheni ya asilimia 5 ikihesabiwa, unahitaji kuwa sahihi zaidi ya mara 51 katika 100. Lakini ukilenga hatua 1 ya faida na kuiacha hasara ifike hatua 3 kwa kutumaini kwamba bei itarudi, unahitaji kuwa sahihi karibu mara 76 katika 100 ili usipoteze tu. Daftari nyingi ninazoletewa kukagua zina ugonjwa huo mmoja: faida ndogondogo zimejaa ukurasa mzima, kisha hasara tatu au nne zinazozimeza zote. Kumbuka pia kwamba kamisheni inakatwa kwenye faida ya kila mbio peke yake. Hasara ya mbio ya saa tisa haipunguzi kamisheni ya mbio ya saa tisa na nusu.

Hatua zenyewe si sawa kila mahali, na jambo hili video nyingi zinaliruka. Katika Betfair, kati ya 2 na 3 bei inapanda kwa 0.02, kati ya 4 na 6 kwa 0.1, kati ya 10 na 20 kwa 0.5. Dau la dola 10 lililoingia kwa 2.50 na kufungwa kwa 2.48 linakupa senti 8 tu, ilhali lililoingia kwa 12 na kufungwa kwa 11.5 linakupa senti 43, ingawa zote mbili ni hatua moja. Farasi wa bei kubwa anaonekana mtamu kwa sababu hiyo, lakini fedha zinazosubiri kwenye bei zake ni chache, na bei yake inaweza kuruka hatua mbili kabla hujapata wa kuchukua dau lako. Aidha, ukiingia kwa kuchukua bei iliyopo mezani badala ya kuweka yako na kusubiri foleni, unaanza ukiwa nyuma kwa hatua moja, kwa maana bei ya kuunga mkono na bei ya kupinga huwa zimepishana.

Kwa mtaji wa dola 50, mimi hupendekeza hasara ya biashara moja isizidi asilimia 1, yaani senti 50. Dau la dola 10 karibu na bei ya 5.0, ukifunga baada ya hatua mbili za hasara, linaingia ndani ya mpaka huo. Karibu na 12, dau hilohilo kwa hatua mbili linauvuka. Lipunguze hadi dola 5 na ufunge baada ya hatua moja. Panga dau kwa kuanzia na hasara unayoweza kuibeba, kisha rudi nyuma kwenye hesabu. Wengi wanaanza na faida wanayoitamani.

Mtaji mdogo una kikwazo kingine upande wa kupinga. Ukianza kwa kumpinga farasi wa bei ya 5.0 kwa dola 10, soko linazuia dola 40 za akaunti yako, kwa kuwa hicho ndicho utakacholipa akishinda. Kati ya 50 zako, zimebaki 10. Ukitaka kumpinga farasi wa bei ya 8 kwa dau hilohilo, unahitaji 70, na soko litakukatalia. Kwa hiyo mwenye dola 50 anafanya biashara nyingi kwa kuanza na kuunga mkono, akitegemea bei ishuke, na anapobashiri kwamba bei itapanda anabaki na farasi wa bei ndogo tu. Huo ni upungufu wa kweli. Mbinu haiuondoi, mtaji mkubwa zaidi ndio unaouondoa.

Turudi kwenye asilimia 2 kwa siku. Dola 50 zikikua hivyo kila siku, zinafika 100 baada ya siku 35, jambo ambalo halimshangazi mtu. Lakini endelea na hesabu: baada ya siku 365 zinakuwa karibu dola 68,900, na baada ya mwaka wa pili karibu dola milioni 95. Hapo hatuhitaji mabishano. Biashara hii inategemea kiasi ambacho watu wengine wako tayari kukiweka upande wa pili, na katika mbio ya kawaida ya siku ya kazi fedha hizo zina mwisho. Zaidi ya hayo, ukuaji haurudi kwa njia ileile uliyoshukia: ukipoteza asilimia 20 ya mtaji unahitaji faida ya asilimia 25 ili urudi ulipokuwa, na ukipoteza nusu unahitaji asilimia 100. Anayefukuzia asilimia fulani kila siku anajilazimisha kuongeza dau jioni anapokuwa nyuma, saa ambayo anafikiri vibaya kuliko wakati wowote.

Kuhusu saa za kazi, mbio za Uingereza ndizo zenye soko zito zaidi. Sisi huku Lubumbashi tuko mbele ya Uingereza kwa saa 2 wakati wa baridi yao na saa 1 wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mbio inayoanza kwao saa saba mchana mwezi wa Januari sisi tunaikuta saa tisa alasiri. Sehemu kubwa ya fedha inaingia katika dakika 10 za mwisho kabla ya mbio. Kabla ya hapo bei inasogezwa na watu wachache, na huwezi kujua kama inasogea kwa sababu au kwa bahati. Mikutano mikubwa ya mbio, kama Cheltenham mwezi wa Machi na Royal Ascot mwezi wa Juni, ina fedha nyingi na bei zake hutembea kwa utulivu zaidi, ila usiifanye kuwa shule yako ya kwanza.

Mbio zikianza, toka. Soko linaendelea wakati farasi wanakimbia, lakini dau lako linacheleweshwa kwa makusudi kwa sekunde 1, na picha unayoiona kwenye simu imechelewa zaidi ya hiyo, wakati kuna watu waliosimama uwanjani wanaoona kwa macho yao. Farasi mmoja akijikwaa kwenye kiunzi, bei yake inaweza kutoka 3 hadi 100 kabla kidole chako hakijafika kwenye kioo.

Hatari mbili za kabla ya mbio zinahitaji maandalizi. Ya kwanza ni farasi kuondolewa dakika za mwisho: bei za madau yaliyokwisha kukubaliwa zinapunguzwa kulingana na nafasi aliyokuwa nayo aliyeondolewa, na mtu aliyeingia kabla ya tangazo na kufunga baada yake anaweza kukuta faida yake imegeuka. Tangazo likitoka, hesabu upya kabla ya kubonyeza chochote. Ya pili unaijua kuliko mimi, nayo ni umeme kukatika au mtandao kupotea ukiwa umeshaingia. Fanya kazi kwa simu yenye laini mbili za kampuni tofauti, betri ikiwa imejaa, na mara tu unapoingia weka agizo la kufunga. Agizo ambalo halijapata mtu hufutwa mbio zinapoanza, isipokuwa umechagua vingine. Betfair ina chaguo la kuligeuza agizo hilo lichukue bei ya kuanzia mbio ya soko lenyewe. Hesabu haitalingana sawasawa pande zote mbili, lakini hutaachwa na dau zima gizani.

Gharama ziangalie kwa jicho kali. Programu zinazoonyesha ngazi ya bei na kufunga kwa mbonyezo mmoja, kama Bet Angel, zina matoleo ya kulipia. Programu ya dola 10 kwa mwezi inakula asilimia 20 ya mtaji wako kila mwezi, na hakuna ustadi wa mwanafunzi unaofidia hilo. Jumlisha ada ya kadi ya benki, kubadilisha dola kuwa pauni, na vifurushi vya intaneti. Kwa miezi ya mwanzo nenda na tovuti yenyewe au na hali ya majaribio isiyotumia fedha, na uandike kwenye daftari kila biashara: bei ya kuingia, bei ya kutoka, dau, senti ulizopata au kupoteza, na sababu iliyokufanya uingie. Biashara 200 zenye sababu zilizoandikwa zitakuambia kama unasoma soko au unabahatisha, na hilo dola 50 zinatosha kabisa kulinunua. Mshahara hazitoi: hata mtu anayeongeza senti 40 mara 5 kwa siku bila hasara yoyote, kitu ambacho sijakiona kwenye daftari la mtu, anatengeneza dola 2.

Akaunti ya shemeji usiitumie. Makampuni yenye leseni ya Uingereza yanatakiwa kuthibitisha jina, umri na anwani ya mteja kabla hajaanza kucheza, kanuni iliyokazwa mwaka 2019, na masharti yao yanataka akaunti itumiwe na mwenyewe peke yake. Ikionekana kwamba inafunguliwa kutoka Lubumbashi, inaweza kufungiwa na fedha kuzuiliwa, na atakayeulizwa ni shemeji, si wewe. Programu ya kuficha mahali ulipo ina matokeo yaleyale. Kabla ya kutuma hata dola moja, waandikie huduma kwa wateja wa soko unalolitaka, uwaulize mambo matatu: kama wanapokea mkazi wa Kongo, kwa hati zipi, na kama fedha zitarudi kwa njia ileile uliyowekea. Hifadhi jibu lao. Wakisema hawapokei, zibakize dola 50 zako na uendelee na daftari tu, ukiandika bei za dakika 10 za mwisho kadiri zinavyoonekana hadharani, mpaka pale patakapopatikana soko linalokukubali kwa jina lako.