Kuhusu kikao cha Jumamosi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uje kwenye kikao cha harusi ya binamu yako, au utume mchango kwa simu ubaki zako Dar, kwa kuwa ukoo mzima umeshajua mkataba wako wa kazi haukuongezwa. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na kinachonijia ni kaka yako na matokeo yake ya kidato cha nne.

Ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka. Februari 2013 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, naye akiwemo. Nchi nzima ililia, ila hapa mtaani ungedhani amefeli yeye peke yake. Jirani mmoja, simtaji, alikuja kutupa pole kajitanda kanga kama anakuja matangani. Akamtazama mwanangu aliyekuwa anaingiza maji, akasema kwa sauti, "Huyu mtafutieni ufundi mapema." Kana kwamba ufundi ni aibu! Nyumba tunayolala imejengwa na mafundi. Mtoto akaitua ndoo, akaingia ndani. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kuchota maji usiku.

Mei serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yamefutwa, yapangwe upya. Karatasi zilezile, majibu yaleyale. Kaka yako akatoka sifuri, akapata divisheni foo. Jirani akarudi na hongera, na maandazi kwenye hotipoti. Nikayapokea, nikasema asante. Hadi leo nikiyakumbuka maandazi yale koo linanikaba, kwa sababu mtoto wa Februari na mtoto wa Mei alikuwa mmoja.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, na leo tena utanivumilia: thamani ya mtu haikai mdomoni mwa watu.

Lakini hapohapo najibishana mwenyewe. Mtu ni watu. Baba yako alipolazwa, hawahawa wa vikao ndio waliotuchangia, siwezi kukwambia ukoo si kitu. Na Mei ile nilipiga vigelegele kuliko wote. Kama cheti hakimpimi mtu, nilikuwa nashangilia nini? Nadhani nilifurahi kwa kuwa mtoto alianza tena kuchota maji mchana. Nadhani. Siwezi kuapa kwamba ni hilo tu.

Sasa kuhusu Jumamosi, usitake nikuamulie. Wewe ni mtu mzima, na nimemwahidi baba yako kwamba safari hii nitafunga mdomo. Ninalo la kusema, nawe unalijua. Ukituma mchango, tuma unachokimudu. Usikope ili jina lako lisomwe pamoja na ya wakubwa. Na ukija, kaa upande wangu. Atakayekuuliza habari za kazi mbele za watu, nitamjibu mimi.

Mama yako