Re: Mnyoo bapa wa kahawia chini ya chungu cha maua, nifanyeje?

Dada, huyo uliyemkuta chini ya chungu chako hapo Ufaransa, bapa kama jani na anateleza, kwa picha yako naona ni Obama nungara (na hapana, hausiani na yule rais 😂). Kwao ni huko kusini mwa Brazili na Ajentina, wataalamu wamempa jina rasmi 2016 tu, na Ulaya anasambaa na maua ya vyungu haya haya tunayonunua madukani.

Watoto usiwape presha, hang'ati. Shida ni bustani maana anakula nyungunyungu na konokono, na nyungunyungu wakipungua udongo unashikana, hewa haipiti vizuri. Sasa usimkatekate na jembe, kuna minyoo bapa ambao kipande tu kinaota mwili mzima, we vaa glavu mtie kwenye kikopo cha maji yanayochemka kaisha. Chumvi nayo inamuua ila usimwage kwenye udongo utaua na maua yako.

Mchana wanajificha penye unyevu kwa hiyo inua mbao, mawe, vyungu vyote, na jirani akikuomba mche usimpe kabla hujakagua udongo wa huo mche.