Afya ya dunia ianzie kwenye raundi ya wodi

Wanaopanga mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa wakiniomba ushauri wa kufundisha afya ya dunia, yaani magonjwa na tiba kwa jicho linalovuka mipaka ya nchi moja, swali la kwanza huwa safari: tuwapeleke nchi gani, kwa wiki ngapi? Nami huwasihi safari waiweke mwisho. Daktari hukutana na afya ya dunia kila siku wodini kwake, ila hajafundishwa kuitambua.

Anzeni na raundi ya asubuhi. Mgonjwa ana homa: ameulizwa alikosafiri? Mwenye kifua kikuu anaruhusiwa: dawa za miezi sita atazifuata wapi, na nani nyumbani apimwe? Kwenye timu niliyoisimamia, kila aliyewasilisha mgonjwa alitakiwa kusema pia angefanya nini kama eksirei isingekuwepo na maabara imefungwa. Mwanzoni walisitasita. Baadaye ukiwapita unawakuta wamekaa kando ya kitanda, fulana ya mtoto imepandishwa, macho kwenye saa, wanahesabu pumzi dakika nzima.

Kipindi cha kujadili tafiti nacho kitumike. Mimi hupenda kuanza na utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi ya haraka mshipani walifariki kwa wingi zaidi: ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.6, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Na hiyo ndiyo tiba iliyokuwa ikifundishwa kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Hapo ubishi huwaka, nanyi uacheni uwake. Ndipo daktari anapojifunza kuuliza ushahidi umetoka kwa wagonjwa gani.

Safari ikifika, iwe ya pande mbili: wenyeji waseme wanachohitaji, na madaktari wao nao wapate nafasi ya kuja kwenu. Nimewahi kuona daktari mgeni akipewa kufanya upasuaji ambao mwanafunzi wa pale alikuwa akisubiri kuufanya, na bado linaniuma. Asichoruhusiwa kukifanya kwao bila msimamizi, asikifanye ugenini. Liandikwe hilo kwenye makubaliano.

Kuhusu pesa sina mengi. Muda ndio mgumu zaidi: bila saa zilizotengwa kwenye ratiba ya zamu, mpango huu utabaki kwenye makaratasi. Mkuu wa mafunzo aziidhinishe saa hizo kabla hamjaanza kutafuta nauli.